Chumba cha Mkono wa Kulia

Jumatatu, 8 Oktoba 2012

Mwalimu wa ngumbaru amesema tuandike kidogo kila tukipata nafasi, ili mkono usisahau. Mkono wangu hausahau kitu. Naandika kwa sababu nina la kuandika.

Losike, mwanangu aliye Eldoret, ananijengea nyumba ya mawe hapa Lodwar. Mawe kabisa, na mabati juu. Ameleta ramani. Niliigeuza huku na huku kabla sijajua kichwa chake ni kipi, lakini nilipojua nilijua.

Vyumba vitatu vimepangwa mstari mmoja, kuanzia jua linakotoka hadi linakozama. Cha upande wa mawio ameniandikia mimi. Cha katikati amempa Asekon, mke mwenzangu, maana mzee wetu alituacha wawili na Losike hataki tutengane. Cha upande wa machweo ameandika stoo.

Nikakaa nikatazama. Lango litakuwa barabarani. Ukiingia lango lile, mkono wako wa kulia ndiko machweo. Na tangu Waturkana wawe Waturkana, ukiingia boma la mtu, nyumba ya mke mkubwa iko kulia kwa lango, ya mdogo iko kushoto. Mgeni haulizi. Anajua pa kusalimu kwanza. Sasa mwanangu wa kuzaa amempa nani mkono wa kulia? Magunia ya mahindi. Magunia yamekuwa mke mkubwa, mimi nimetupwa kushoto.

Nikampigia simu. Akasema, mama, sikuwaza lango, niliwaza jua. Jua la jioni ndilo baya, acha mahindi yalipokee. Upande wa mawio kuna ule mti wa ewoi, mgunga mkubwa wenye kivuli, na upepo wetu unatoka huko. Nikamwambia jua nililiona kabla yake. Nilimbeba mgongoni chini ya jua hilohilo kutoka Namoruputh hadi Lorugum na hakuiva.

Nimebadilisha. Mimi machweo. Stoo katikati. Asekon mawio. Nilingoja agombane nami. Akasema tu, vyema, mama. Haraka hivyo. Simpendi mtu anayekubali haraka.

Jambo la pili, na hili si la mzaha. Binti yangu Akidor, aliyeolewa Kakuma, ana mimba tena. Mtoto wa kwanza alimpoteza mwaka jana wakati wa joto kali, ndani ya kile chumba cha mabati walichopanga. Nesi alisema hakuona ugonjwa. Alisema chumba kilimmaliza maji. Huyu wa sasa atazaliwa Lodwar na atalala kwangu, chumbani mwangu, kama inavyopasa binti kurudi kwa mama yake. Nyumba lazima iishe kabla hajajifungua. Kwangu mimi nyumba hii ni ya mtoto huyo.

Alhamisi, 11 Oktoba

Asekon amekwenda kiwanjani asubuhi na ngozi yake ya kukalia. Akaitandika, akakaa. Jua likasogea, naye akasogeza ngozi. Kutwa nzima hivyo. Ndivyo mama zetu walivyofanya kabla ya kufunga akai, ile nyumba yetu ya majani. Mwanamke ndiye mjenzi, basi anakaa kwanza, anatazama kivuli kinalala wapi na mbuzi wanalala wapi. Lakini hiyo ni akai. Nyumba ya mawe ina ramani.

Nikamuuliza kama amepoteza sindano. Akasema anatazama mbuzi wanapenda wapi. Mbuzi wote walikuwa chini ya ewoi, upande wake, wamejilaza kama mashemeji walioshiba harusini. Upande wangu palikuwa na mjusi mmoja, naye alikuwa anainua miguu kwa zamu.

Nikamwambia mbuzi hana cheo.

Jumamosi, 13 Oktoba

Majirani wamepita wakacheka, wakasema mbuzi wamechagua mke. Nilikuwa na mpango.

Leo nimebeba makapi ya mahindi nikayamwaga upande wangu kabla jua halijapanda sana. Mbuzi wakaja mbio, wakajaa upande wa mkubwa. Nikamwita Asekon aje aone. Ana tabia ya kufuta mikono kwanza, polepole, kila kidole. Alipofika mbuzi walikuwa wamemaliza na wanarudi kwenye ewoi mmoja mmoja, bila aibu.

Nikamfunga beberu kwa kamba upande wangu, abaki kama shahidi. Alilia mpaka jirani akaja kuuliza kwetu kuna msiba gani. Asekon akamfungua na kumpa maji. Akaniuliza, mama, mnyama huyu ana kosa gani? Nikasema kosa lake ni kusikiliza watu wadogo.

Jumanne, 23 Oktoba

Fundi amefika. Anaitwa Mureithi, kwao Nyeri. Hapa Turkana ni mgeni kabisa. Amekuja kazini na sweta.

Ameitazama ramani akasikitika. Akauliza dirisha la machweo liko wapi. Halipo. Losike amechora madirisha ya mbele na ya nyuma tu, na ule ukuta wa mwisho ameuacha mtupu kama paji la uso. Mureithi anasema kwao mtu akikosa dirisha la machweo amejinyima. Jua la jioni linaingia, ukuta unakunywa joto, halafu usiku nyumba inakurudishia bila kuni hata moja.

Sikuwa na haja ya joto. Joto tunalo, tungeweza kuwauzia. Lakini ukuta ule ndio unaotazama njia ya sokoni. Kila anayekwenda sokoni angeona kioo na pazia na kujua ni dirisha la nani. La Asekon linatazama mti. Nikasema weka. Akauliza upana gani. Nikanyosha mikono yote miwili. Akasema, shosho, hilo ni la kanisa. Nikamwambia mimi si shosho wala nyanya yake, na aweke hilo la kanisa.

Losike akapiga simu jioni. Ameambiwa na nani, sijui. Mama, nakuomba, ukuta ule usitobolewe. Nikamwambia mtandao unakatika. Ulikuwa haukatiki.

Sweta nililikuta limeanikwa juu ya mwiba. Mwenyewe alikuwa chini ya ewoi, katikati ya mbuzi.

Ijumaa, 16 Novemba

Nyumba imefika darini. Asekon ameanza mambo yake. Amemwomba Mureithi aache matundu juu ya ukuta, chini ya bati, ili hewa moto ipate pa kutokea. Na kuanzia tulipochimba msingi alikuwa anasuka mikeka ya majani ya mkoma. Nilidhani ya kuuza. Kumbe ya kufunga chini ya mabati yake.

Nimecheka. Mtu amepewa bati, analificha kwa majani. Tumetoka kwenye majani, yeye anayarudisha.

Alikuwa amesuka ya kutosha vyumba viwili. Akaniletea yangu mlangoni, imekunjwa vizuri. Nikaipokea. Sikosi adabu. Sasa mbuzi wanazalia juu yake.

Mureithi akaniuliza kama nami nataka matundu. Nikamwambia ukuta wenye matundu ni wa banda la kuku. Changu ziba kote, popo asipate hata pa kuingiza pua. Nje Asekon amepaka chokaa. Mimi nimechagua ile rangi ya damu ya mzee inayong'aa. Ukiwa sokoni unaiona.

Jumapili, 13 Januari 2013

Tumehamia. Katekista amekuja kubariki.

Amefanya ipasavyo. Ameingia lango, amegeuka kulia, amekuja kwangu kwanza. Nilimtazama Asekon wakati huo. Alikuwa anachambua ndengu.

Nilimkalisha katekista mbele ya dirisha ili wapita njia wamwone. Ilikuwa jioni. Jua lilikuwa limejaa kioo chote, limekaa nasi chumbani kama mtu wa tatu. Akaanza Baba Yetu. Alipofika kwenye mkate wa kila siku akafuta uso. Baada ya hapo kuna maneno aliyaruka, mimi nayajua. Nikampa chai ya moto, akasema amefunga. Kwaresima haijaanza. Ilikuwa sala fupi kuliko zote. Hata alipobariki pikipiki ya mwenyekiti alisimama kwa muda mrefu zaidi.

Kisha akaingia kwa Asekon. Huko akawaombea wagonjwa, wafungwa, wasafiri, mifugo, uchaguzi upite kwa amani, na watu wa mbali ambao hatuwajui. Nikasikia kikombe kikigonga sahani. Nikasikia anacheka.

Alhamisi, 17 Januari

Sitamwambia mtu. Lakini hapa naandika.

Mshumaa niliouweka dirishani umeinama mpaka chini, kama unatafuta kitu. Sabuni imelala. Tumbaku yangu imekuwa vumbi. Kuku aliyekuwa anatagia pembeni ya kitanda ameacha mayai yake na kuhamia kwa Asekon. Baada ya chakula cha jioni ukiugusa ukuta wangu, ni kama umegusa mgongo wa mtu mwenye homa. Jua limezama zamani, ukuta bado unalikumbuka. Hapo ndipo nilipomwelewa Mureithi. Hakudanganya. Nyumba inakurudishia.

Nalala nje. Nimewaambia majirani nalinda mbuzi. Mama Lokol wa nyumba ya pili akauliza nawalinda na nani. Nikasema na watu wanaouliza.

Asubuhi Asekon akaniuliza nimelalaje. Nikasema nimelala kama mtoto. Akaitazama shuka yangu. Ilikuwa na mchanga. Akanipa maji ya kunawa, akaondoka. Afadhali angesema kitu.

Jumatano, 6 Februari

Nimekwenda Kakuma kumwona Akidor. Tumbo limeshuka, miguu imevimba. Ejok, mama, ejok. Tukasalimiana hivyo, kisha akaniuliza jambo moja tu. Chumba kikoje? Nikamwambia kina dirisha ambalo Lodwar nzima hawana. Akauliza tena, kikoje mchana? Nikamwambia aninyoshee miguu niikande.

Kabla ya kurudi nilipita soko la kambi ya wakimbizi kutafuta pazia. Duka la Adau, mama mmoja kutoka Sudan Kusini, mrefu hata akiwa amekaa. Nikachagua zito, jekundu, lenye nyuzi za dhahabu. Akaniuliza la mapambo au la jua. Nikasema la jua. Akalirudisha rafuni.

Akasema, "Mama, pazia iko ndani. Jua ishaingia nyumba, ndio wewe unaifungia mlango, ilale na wewe. Jua unazuia inje." Akanionyesha mkeka wa matete, unautundika nje ya dirisha, mbele ya kioo.

Nikamwambia mikeka ya nje ni ya nyumba za kambi. Mimi nina nyumba ya mawe.

"Ndio, mama. Wewe nyumba ya mawe, mimi nyumba ya kambi. Sasa nani ametoka jasho?"

Wanawake waliokuwa pale wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo. Nikanunua mapazia. Mekundu. Mawili.

Jumatatu, 18 Februari

Akidor aliletwa juzi. Nilikuwa nimefagia, nimemwaga maji sakafuni, nimefunga mapazia yote mawili. Chumba kilikuwa chekundu na kizuri kama kidonda, nami nikasimama mlangoni kumpokea.

Akaingia akasimama. Aliweka kiganja ukutani, akakitoa. Hakukaa kitandani. Akasema, mama, ni kama kile.

Nilijua kile ni kipi. Nikamwambia kile hakikuwa na pazia.

Mchana alikwenda kukaa kwa Asekon. Jioni nikamwita. Akaja. Kesho yake akaenda tena, nikamwita tena. Majirani wanatazama. Binti anarudi kwao kujifungua, halafu anaonekana mlangoni kwa mke mdogo? Watasema mama yake amefanya nini?

Asekon ananiambia kwa upole, mama, mwache apumzike, wewe njoo mkae wote. Huyu mwanamke ana upole kama mwiba uliolala mchangani.

Ijumaa, 1 Machi

Amezaliwa. Msichana. Ana sauti. Nilimsikia nikiwa nje ya wodi nikakaa chini, palepale kwenye saruji, nikafunika uso kwa shuka. Watu walidhani nimechoka.

Nesi ametuagiza mahali penye hewa, na anyonye mara kwa mara. Nikamwambia hewa ipo, nina dirisha la kanisa. Akidor hakuinua macho.

Jumapili, 3 Machi

Naandika haraka.

Mchana wote mtoto alilia. Nikampepea kwa kipande cha boksi. Hewa niliyompepea ilikuwa ya motomoto. Jioni jua likaingia kama kawaida yake. Pazia likashika moto wa jua, chumba kizima kikawa chekundu, na mtoto naye. Kisha akanyamaza. Nikafurahi kwamba amenyamaza. Akidor akampa titi, mtoto akaligeuzia uso. Mdomo mkavu. Nikampapasa kichwa. Utosi umebonyea.

Yule wa kwanza utosi wake ulibonyea vilevile. Nilikuwepo. Niliugusa kwa kidole hikihiki.

Akidor hakulia. Alinitazama tu, akasema, mama, chumba.

Nikamchukua mtoto. Nikatoka. Nikaipita stoo. Nikafika mlangoni kwa Asekon nikasimama. Sikubisha hodi. Mke mkubwa habishi hodi kwa mdogo, yeye ndiye anayebishiwa. Sijui nilisimama kiasi gani. Upepo ulikuwa unatoka chini ya mlango wake, nikausikia miguuni.

Asekon akafungua. Hakuuliza. Akanyosha mikono, nikampa. Akamlaza juu ya ngozi yake chini, karibu na ukuta wa mti, akalowesha kitambaa, akamfuta miguu, kifua, shingo. Akidor akaja akakaa hapo, akawa anamkamulia maziwa mdomoni kidogo kidogo. Mimi nilibaki kizingitini. Giza likaingia. Kisha nikasikia ananyonya. Ile sauti. Ukiisikia huisahau.

Asekon akasema, ingia, mama.

Nikamwambia nilikuwa napita.

Jumanne, 12 Machi

Mtoto mzima. Ananenepa. Uchaguzi umepita, sasa watu wana nafasi ya kuja kumwona. Hapo ndipo balaa.

Wanaingia lango. Mimi niko kulia, nimekaa kwenye kiti changu, nimevaa shanga zote. Wananisalimu, ejok, ejok, huku shingo zimeshaelekea kushoto. Kisha wanakwenda huko na sukari zao na sabuni zao, wanakaa mpaka jua linazama. Mama Lokol akapaza sauti kutoka ndani, "Mama Losike, njoo huku kwa mke mkubwa tunywe chai." Wote wakacheka. Hata Akidor nilimsikia akicheka, na nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu mwaka juzi. Sikujua nifanye nini na uso wangu.

Jioni Asekon alikuja kwangu. Ndani kabisa. Akakaa kitandani pangu na jasho likamtoka palepale, akaliacha litoke. Akasema, mama, chukua kile chumba. Mjukuu ni wako, kaa naye. Mimi nitahamia katikati, magunia tuyalete huku, kama Losike alivyochora.

Nataka kuandika hapa kwamba alikuwa anasema kwa moyo safi. Sikuona hila, na nilitafuta.

Lakini mtu akikupa, amekuwa nacho. Na mkubwa akipewa na mdogo, watoto wa majirani wataimba hadi lini? Tena ni chumba cha kushoto. Nikamwambia asante, nitafikiri.

Nimefikiri. Mpango umekuja wenyewe, kama mtu aliyefungua mlango.

Kosa si la chumba. Chumba cha mawio ni kizuri, hata mbuzi wanajua. Kosa ni la lango. Liko barabarani, upande mbaya. Sasa nikiliziba lile, nikafungua lingine nyuma, upande wa laga, ule mto mkavu? Mtu akiingilia huko, mkono wake wa kulia uko wapi? Mawio. Chumba kile kinakuwa cha mke mkubwa chenyewe. Sipewi. Sihami. Nafuata haki yangu ilikohamia. Hakuna wa kumshukuru.

Nimempigia Mureithi. Amesema, shosho, nyuma huko hakuna barabara. Nikamwambia barabara itafuata lango.

Ijumaa, 15 Machi

Akidor amejua. Amesimama mbele yangu na mtoto mgongoni. Anasema, mama, hapo unapotaka lango ndipo ulipo ewoi. Nikamwambia nimeuona, sijapofuka. Anasema ewoi ndio unaokifunika chumba asubuhi yote, ndio unaopoza upepo kabla haujaingia. Ukiukata, jua la mawio litaingia lote.

Nikamwambia jua la asubuhi ni dogo bado.

Akasema, mama, Asekon amekupa chumba. Chukua tu. Sema ndiyo. Neno moja.

Nikamwambia ampeleke mtoto akanyonye.

Jumatano, 27 Machi

Imekwisha. Naandika nikiwa chumba cha mawio, upande wa kulia, mahali pangu.

Lango la barabarani limezibwa kwa mawe. Jipya liko nyuma, la chuma, limepakwa rangi ileile ya damu ya mzee. Linafungukia laga. Katekista alipotea leo, alizunguka nyumba mara nyingi akiita hodi kwenye ukuta. Alipolipata alikuwa na mchanga mpaka magotini. Akaingia, akageuka kulia, akanisalimu kwanza. Nikamwambia akae. Akasema afadhali asimame mlangoni.

Ewoi uliangushwa juzi. Mureithi hakutaka, alisema pale ndipo anapokula chakula chake. Alipoanza kukata, mbuzi walisimama mbali wakatazama, kama watu kwenye mazishi ya mtu aliyewasaidia. Mti ulipolala, mwanga ulianguka juu ya ukuta wa chokaa hadi nikafumba macho. Matundu ya Asekon nimeyaziba. Mikeka yake nimemrudishia. Sitaki vitu vya watu.

Ameipokea. Asubuhi yake alichukua ngozi yake akavuka laga, akakaa huko kutwa, akiisogeza. Mbuzi walimfuata. Leo anafunga akai chini ya ewoi wa huko ng'ambo, kwa majani ya mkoma na ile mikeka. Akidor anamshikia fito, mtoto mgongoni. Wanaonekana kutoka hapa mlangoni. Mtoto analala. Najua analala kwa jinsi kichwa kilivyoinamia bega.

Nyumba ya mawe iko hapa, wao wanafunga majani. Mimi sitawaita. Wakichoka watajua njia, lango linawatazama.

Lakini chumba kimeanza kuwa cha moto tangu asubuhi, na nimegundua kwa nini. Kuta za mawio ni vipofu. Kidirisha chenyewe alichoachiwa Asekon ni cha kupitishia kikombe. Upepo utaingilia wapi? Nimemwita Mureithi atoboe ukuta wa mwisho, ule unaotazama jua linakotoka. Amekuja, amevua kofia, ameniuliza kwa upole dirisha liwe na upana gani.

Nimenyosha mikono yote miwili, nikamwambia hili lilipite kwa upana lile la kwanza.